Usimuulize Aliyepandishwa Treni

Kila mazungumzo yakifika kwenye mauaji ya Wayahudi wa Ulaya yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, hakosi mtu wa kuuliza: "Kwani hawakujua? Mbona walipanda treni za kwenda kuuawa?" Swali hili huniuma, maana linamnyooshea kidole marehemu.

Wa kuulizwa kwanza ni majirani. Kambi ya mateso ya Dachau, huko Ujerumani, ilifunguliwa Machi 1933, na Himmler, mmoja wa wakuu wa Wanazi, aliitangaza magazetini. Wajerumani walikuwa hata na kijisala cha kumwomba Mungu awafanye mabubu, wasije wakaishia Dachau. Novemba 1938 wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 walikamatwa na kupelekwa Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Kwa hiyo anayeniambia raia hawakuwa na habari za kambi, simkubalii. Kilichofichwa ni cha baadaye: vituo vya kuulia watu kwa gesi katika Poland iliyotekwa, kuanzia Chelmno, Desemba 1941.

Na Wayahudi wenyewe? Ingia nami kwenye geto la Warsaw, mtaa wa Poland uliozungushiwa ukuta ambamo Wayahudi walifungiwa, kiangazi cha 1942. Tangazo linasema atakayejitokeza kwa hiari "kuhamishiwa mashariki" atapewa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jamu. Anayelisoma ni mzazi ambaye wanawe wamelala njaa miezi na miezi. Fununu huenda amezisikia. Mtu aliyetoroka Chelmno alishafika humo getoni mapema mwaka huo, akasimulia, na maneno yake yakaandikwa. Lakini mzazi anawaza: anayetaka kuniua atanipaje mkate? Katika muda wa miezi miwili hivi, watu wapatao 265,000 walitolewa Warsaw wakapelekwa Treblinka, kituo kingine cha kuulia watu kwa gesi.

Mwaka 1944 ikaja zamu ya Wayahudi wa Hungaria. Baadhi ya waliofikishwa Auschwitz, kambi ambako pia watu waliuawa kwa gesi, walilazimishwa kuandika postikadi kwamba wako mahali paitwapo Waldsee, ni wazima, wanafanya kazi. Kadi inafika nyumbani, na mwandiko ni wa ndugu yako kabisa. Utaamini minong'ono ya mtaani, au mkono unaoufahamu?

Hata waliokaa mbali na salama walishindwa. Mwaka 1943 Jan Karski, mjumbe wa Poland aliyekuwa ameingia getoni kwa siri, alimsimulia Felix Frankfurter, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, naye Myahudi. Jaji alijibu kwamba hawezi kuamini, ingawa hakumwita Karski mwongo. Sasa tumdai nini mama mwenye njaa, aliyezungukwa na ukuta na bunduki?

Tena wapo waliojua na hawakunyamaza. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya shuhuda, matangazo na barua humo humo getoni, wakazifukia ardhini ndani ya masanduku ya chuma na madebe ya maziwa. Ringelblum aliuawa Machi 1944. Masanduku yalifukuliwa 1946, na madebe mawili 1950, karatasi zikiwa bado ndani.