Keki Tatu, Zote Bora Kuliko Zote

Karibu na Stuttgart, Ujerumani, kuna nyumba ambayo hadi leo nikipita Jumapili lazima nile keki nipende nisipende. Nilikuwa au-pair pale: unalea watoto wa wenyewe, unapewa chumba, chakula, pesa kidogo ya mfukoni na nafasi ya kwenda darasani jioni kujifunza Kijerumani.

Wiki ya msala wenyewe, mwalimu alikuwa ametufikisha kwenye kile ambacho sisi Waswahili tunakimaliza kwa "kuliko wote" tukaendelea na maisha. Mjerumani haridhiki hivyo. Kivumishi lazima kipande ngazi: schön (ya kupendeza), schöner (zaidi), am schönsten (kuliko zote). Unatanguliza am, unabandika -sten mkiani, basi. Neno likiishia na t, d au sauti ya s, mara nyingi unachomeka e katikati ili ulimi usijikwae: süß, yaani tamu, huwa am süßesten. Halafu wapo watukutu. Gut, yaani nzuri, huwa besser, kisha am besten, utadhani kabadilisha ukoo. Hoch, yaani juu, anaidondosha c yake njiani, höher, akifika juu anaiokota: am höchsten. Na nah, yaani karibu, hana c tangu azaliwe, lakini kileleni anatokea nayo, sijui kaikopa wapi: am nächsten. Huyu nah mkumbuke.

Jumapili alasiri ni wakati wa Kaffee und Kuchen, kahawa na keki. Siku hiyo zilipangwa keki tatu. Oma, bibi wa watoto, alileta Apfelkuchen yake ya matufaha. Binti yake, mama mwenye nyumba, alioka Käsekuchen, keki ya jibini. Wifi yake naye akaja na Bienenstich, jina lenye maana ya "mwiba wa nyuki": mkate wa hamira uliojazwa krimu, juu umegandishwa lozi kwa asali na sukari hadi unang'aa.

Sasa mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ukionjeshwa kitu jikoni, unasifu. Pilau la mama mkubwa halina mfano, na la jirani halina mfano, na hakuna atakayekuita mwongo kwa hilo. Kwa hiyo nilipopewa kipande cha kuonja, nikamwambia mama mwenye nyumba yake ni am besten. Oma nikamnong'oneza kwamba yake ni am leckersten, yenye ladha kuliko zote. Wote wakafurahi. Kumbe mlangoni amesimama binti mdogo wa nyumba, kidole mdomoni, masikio wazi.

Nikabaki na wifi. Am besten nimeshaigawa, am leckersten nimeshaigawa. Nikawaza, chakula kikiwa kizuri tunasema nini? Kitamu! Kitamu kuliko vyote! Nikamwambia kwa bashasha: "Ihr Bienenstich ist am süßesten!"

Tabasamu lake likatoweka. Akamega kipembe cha keki yake mwenyewe, akatafuna taratibu, macho juu kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo. "Zu süß?" akauliza. Imezidi sukari? Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa wale watu sifa tukufu ya keki ni nicht zu süß, haikuzidi utamu. Mimi nimempa ya nyuki mzinga mzima.

Tukakaa mezani. Sijatia uma mdomoni, nikamsikia Oma akimweleza binti yake kwamba kijana amesema Apfelkuchen ndiyo am leckersten. Yule mtoto akadakia kwa sauti ya kengele: "Aber Mamas Kuchen ist am besten, hat er gesagt!" Kwamba nilisema ya mama yake ndiyo bora kuliko zote. Kwa Kiswahili ningeokoka. Lakini hiyo am yao ni kigoda cha mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimekalisha wanawake watatu.

Oma akaweka uma chini. "Und welcher schmeckt dir am besten?" Ipi basi hasa?

Macho matatu ya kike... samahani, sita. Wifi ndiye aliyenikazia zaidi. Nikatafuta jibu lisilomuudhi mtu, nikalipata: nitachagua sahani iliyo karibu na mkono wangu, lawama iende kwa aliyepanga meza. Nah, näher, am nächsten. Kuchen, yaani keki, hutanguliwa na kijineno der. Nikatamka, kila herufi mahali pake: "Der nächste."

Baba mwenye nyumba, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akapaliwa na kahawa. Kwani der nächste mtu akiisikia hivyo peke yake haelewi "iliyo karibu", anaelewa "inayofuata". Ndivyo wanavyoita kwenye chumba cha kungojea daktari: Der Nächste, bitte! Meza nzima ikaelewa kwamba keki inayonikonga moyo mimi ni ile nitakayoongezewa.

Nikaongezewa. Oma akakata, binti yake akakata, wote wanacheka hadi machozi. Wifi alikata wa mwisho, akanipa das dickste Stück, pande nene kuliko yote, akakunja mikono kunitazama. Nilitafuna lozi hadi taya zikauma. Nilipomeza tonge la mwisho na kufungua kifungo cha suruali chini ya meza, yule mtoto akaiona sahani yangu tupu, akapanda juu ya kiti, akapaza sauti:

"Der Nächste, bitte!"