Hofu ya korona hotelini haikuwa moja

Sisi tuliokuwa tunafanya kazi ya hoteli hapa Nakuru hatuisahau tarehe 26 Machi 2021. Ilikuwa Ijumaa, tukasimama jikoni tumezunguka simu moja tukimsikiliza Rais Kenyatta akifunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na hii yetu. Baa zifungwe, chakula ni cha kubeba tu, kafyu saa mbili usiku. Na Pasaka ilikuwa imebaki siku tisa, watu washalipia vyumba.

Watu husema korona ilitutisha sote sawa. Mimi nakataa, juu nilikuwa supavaiza na niliona kila mtu na lake, na sana sana ilitegemea umri.

Kulikuwa na mama mmoja wa kupanga vyumba, amekaribia kustaafu na ana presha. Huyo aliogopa kufa, na alikuwa na sababu, kila siku kwa redio ni wazee na wenye presha na sukari, sasa mgeni akitoka tu yeye ndiye anaingia, anafungua dirisha kwanza, anatoka nje anangoja, halafu anarudi kuvuta shuka kwa ncha za vidole uso ameupeleka kando. Hakuwahi kuomba ruhusa. Aliniambia, "Mwanangu, nikisema naogopa watasema nimezeeka."

Vijana nao wakubwa wetu walisema hawana shida, ugonjwa hauwasumbui. Si kweli kabisa! Kuna weita wa miaka 22, kibarua wa kulipwa kwa siku, asipoitwa hali. Huyo hakuogopa kukohoa, aliogopa simu isilie. Baada ya lile tangazo akawa anakuja bila kuitwa, anakaa kwa meza tupu anakunja seviati, anazikunjua, anakunja tena, na saa nane usiku ananitumia meseji kuuliza kama kesho kuna shifti. Kijana halali mpaka saa nane, huyo unasemaje hana shida?

Sisi wa katikati tulikuwa na karo, shule zilikuwa zimefunguliwa Januari, hiyo mnaijua.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba tulipewa sanitaiza na mashine ya kupima joto pale getini, ikaishia hapo. Hakuna siku tulikalishwa chini tukaulizwa mnaendeleaje. Na haingegharimu pesa nyingi: yule mama apelekwe londri bila kukatwa mshahara, vijana waambiwe kila Jumapili zamu zao za wiki nzima hata kama ni siku moja tu, mtu ajue ajipange. Nilisema hivyo kwa mkutano mara moja, nikajibiwa huu si wakati wake. Ningesema mara ya pili na ya tatu, hapo nilikosea.

Mei mosi kaunti zikafunguliwa. Yule mama akarudi vyumbani, bado anaanza na dirisha. Kijana nilimpigia nimpe wiki nzima, akaniambia yuko kwao Molo na nauli ya kuja hana.