Gemu Ipimwe na Walioko Kwenye Benchi

Mwezi uliopita niliingia kibanda kimoja cha gemu kule Kisenyi, hapa Kampala, nikakuta skrini sita, na zote sita zinacheza mpira. Nilimwuliza kijana anayekusanya pesa kama ana Urban Reign, ile gemu ya zamani ya kupigana. Alinitazama kama mtu aliyeomba vocha ya kukwangua. "Mzee, hiyo nayo ni nini?" Mzee! Nina miaka thelathini na minne. Nilinunua soda, nikakaa kwenye benchi nikitazama Arsenal wakichapwa na mtoto wa darasa la sita, na hapo ndipo makala haya yalipoanzia.

Sina ugomvi na gemu za mpira. Tangu 2023 ile maarufu zaidi imeondolewa jina la FIFA kwenye kasha, sasa inaitwa EA Sports FC, lakini nenda kibanda chochote uone kama kuna mtu anayeita hivyo. Ugomvi wangu ni na hesabu inayotumika kuamua gemu ipi ikumbukwe na ipi izikwe. Orodha za gemu zilizodharauliwa nyingi zimeandikwa na watu waliocheza peke yao, sebuleni, umeme upo, memori kadi ya kuhifadhi walipofikia ipo, na hadithi ya saa arobaini inawangoja wakitoka kazini. Wengi wetu hatukucheza hivyo. Tulicheza zamu ya shilingi 200, na watu kumi na wawili nyuma ya mgongo wakitupigia kelele. Kwa hiyo mimi gemu yoyote naiuliza swali moja tu: aliyekaa kwenye benchi, asiye na pedi ya kuchezea wala pesa, anafaidi nini?

Nimekulia Busia, upande wa Uganda, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya malori na ya kupatana bei. Kibanda chetu kilikuwa na PS2 mbili, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony, na televisheni mbili zenye kisogo kirefu. Dunia nzima ilinunua PS2 zaidi ya milioni 150, na Sony walipoacha kuitengeneza mwaka 2013 sisi bado tuliihesabu mashine ya kisasa. Diski zilikuwa za kuchoma. Lenzi ikichoka, mashine inalazwa kifudifudi, inaguswa kidogo, inasoma. Memori kadi moja, ya megabaiti 8, ilikaa mfukoni mwa mwenye kibanda pamoja na funguo zake, na kuiomba ilikuwa kama kuomba mkopo.

Katika mazingira hayo Urban Reign ilikuwa mfalme. Ni gemu ya Namco ya mwaka 2005, ya kupigana mitaani. Jamaa wa kukodiwa aitwaye Brad Hawk analetwa mji wa Green Harbor na mwanamke aitwaye Shun Ying Lee, anaanza kupambana na magenge, misheni baada ya misheni, mpaka misheni 100. Paul na Law wa Tekken, gemu nyingine ya kupigana ya Namco, nao wamo. Wahakiki wa nje waliipa alama za wastani. Walisema hadithi ni nyepesi, misheni zinafanana, na ugumu unaruka ghafla bila kukuonya. Yote ni kweli, kwa mtu aliye peke yake. Lakini misheni ya dakika mbili inayofanana na iliyopita ni kasoro kwa mwenye jioni nzima. Kwa mwenye shilingi 200 huo ndio ukubwa kamili wa zamu. Na ugumu unaoruka ghafla ndio uliofanya foleni isogee.

Halafu kuna jambo ambalo sijaliona likisifiwa inavyostahili. Ndani ya Urban Reign unachagua unapopiga: kichwa, kiwiliwili au miguu, na kiungo kilichopigwa sana kinazidi kuuma. Maana yake ni kwamba mtazamaji ana kazi. Benchi zima linakuwa kocha. "Miguu! Mpige miguu!" Mwingine anabisha, kichwa kimebaki kidogo, amalizie kichwa. Ugomvi wa benchi ulikuwa mkali kuliko ule wa kwenye skrini, na mara moja moja ulihamia nje. Tekken ni gemu nzuri zaidi, sikatai, ila ukiitazama Tekken unatazama vidole vya mtu mwingine. Urban Reign ilikupa cha kusema.

Tulikuwa pia na VJ wetu. Msomaji asiye wa Uganda ajue kwamba kwenye vibanda vyetu vya sinema, filamu ya Kichina au ya Kimarekani haichezwi mikono mitupu. Kuna VJ anayeifasiri juu kwa juu, anaongeza utani wake, na watu humfuata yeye kuliko mwigizaji. Basi kijana mmoja kwetu aliichukulia Urban Reign vivyo hivyo. Kila misheni ilipoanza na maneno yake ya Kiingereza, yeye alisimama kando ya televisheni akafasiri. Shun Ying akawa Mama Shuni, mwenye duka la jumla, na Brad alikuwa amekodiwa kumkusanyia madeni. Yule mwanamieleka Napalm 99 alipewa cheo cha afande wa ushuru pale mpakani. Mpaka leo sijui hadithi halisi ya gemu ile inaishaje. Najua ya kwetu iliishaje: Mama Shuni alilipwa.

Ya pili kwangu ni Downhill Domination, ya mwaka 2003, iliyotengenezwa na Incognito, wale wale waliotengeneza Twisted Metal: Black. Ni baiskeli za mlimani zinazoteremka kasi, mnapigana mkiwa juu ya matandiko, mnarushiana chupa. Usisahau kwamba Busia ni mji wa baiskeli. Neno boda boda lilizaliwa huku mpakani, kwa vijana waliobeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili kabla pikipiki hazijachukua kazi. Gemu ile ilileta kibandani watu ambao kamwe wasingeingia. Mzee mmoja wa baiskeli ya abiria alikuwa anasimama mlangoni na baiskeli yake, haingii, haketi, anatazama tu. Siku moja jamaa kwenye skrini aliruka bonde zima akatua salama. Mzee akatikisa kichwa: "Huyu hajabeba mtu nyuma." Akaondoka zake. Hakuna mhakiki aliyewahi kuisoma gemu ile vizuri kuliko hivyo.

Skrini iligawanywa, wawili mnashuka pamoja, na asiyejua chochote kuhusu gemu anaelewa kwa sekunde tatu nani yuko mbele. Sifa hiyo haipo hata kwenye gemu za mpira, jaribu kumweleza bibi yako ofusaidi. Lakini ukitaja Downhill Domination leo watu wanakumbuka rangi ya kasha na basi.

Kipimo changu kinawatupa nje baadhi ya wapendwa. Black, ya Criterion, ya 2006, wengi wanailia kama lulu iliyopotea. Milio ya bunduki zake ni ya ajabu, nakubali. Haina wachezaji wawili, na mwenye pedi anajificha nyuma ya ukuta kwa muda mrefu akisubiri. Benchi letu lilisinzia. Nilidhani basi gemu ya mtu mmoja haiwezi kupita, mpaka God Hand ikaja kunikosoa. Hiyo ni ya Clover Studio, mwaka 2006 huo huo, na tovuti ya IGN iliipa 3 kati ya 10, alama ya aibu. Mtu mmoja tu ndiye anayecheza. Ila pembeni mwa skrini kuna kipimo cha ugumu kinachopanda kadiri unavyocheza vizuri, moja, mbili, tatu, halafu neno Die. Benchi halikuwa na macho ya kitu kingine. Kipimo kikifika Die watu wanasimama, mchezaji anatokwa jasho, akianguka kinashuka na watu wanamcheka kama aliyefeli mtihani mbele ya wazazi. Clover walifungwa muda mfupi baadaye. Hawakujua kwamba walikuwa wametengeneza gemu bora ya kibanda.

Kwenye simu sina mengi. Rovio, kabla ya Angry Birds kuwafanya matajiri, ndio waliotengeneza Bounce Tales, ule mpira mwekundu uliokuja ndani ya simu za Nokia kuanzia 2008. Nyumbani kwetu benchi lilikuwa kitanda, watoto wanne wamelala kifudifudi juu ya simu moja ya baba, betri imebaki mstari mmoja. Diamond Rush ya Gameloft ilikuwa bora zaidi, jiwe likikuangukia wote wanne mnapiga yowe, na baba anagutuka kwamba simu haipo chini ya mto wake.

Linaloniuma zaidi ni za hapa hapa. Kila Mganda anajua Matatu, ule mchezo wa karata: mbili mwenzako anaokota mbili, ree unachagua alama, saba ya alama iliyo chini inakata mchezo na mnahesabu pointi. Kola Studios ya Kampala iliugeuza kuwa gemu ya simu, ukiwa Kisenyi unacheza na mtu wa Mbarara usiyemjua. Niliposema mbele ya wenzangu kwamba hiyo ni miongoni mwa gemu zilizobuniwa vizuri kabisa Afrika Mashariki, walicheka. "Hako kagemu ka karata?" Ndiyo, hako. Sheria hazihitaji kufundishwa, mechi inaisha kabla taksi, yaani basi dogo la abiria, haijajaa, na saba ile inaweza kukuokoa au kukuzika dakika ya mwisho. Gemu ngapi za mabilioni zina kitu kama saba ile? Kasoro yake naijua: programu haidanganyiki, na Matatu bila mtu wa kuibia karata chini ya paja imepungukiwa chumvi. Ila tungeisifu ingekuwa imetoka Japani.

Na kuna Salaam. Lual Mayen, mtoto wa Sudan Kusini, alikulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kwa siri ili amnunulie kompyuta ya mkononi ya takribani dola 300. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, akawa anatembea mwendo wa saa tatu hadi kwenye intaneti kafe. Aliyejifunza hivyo akaunda gemu ya kukimbia, ambapo mhusika ni mkimbizi anayetoroka mabomu na lazima apate maji na chakula, na akaigawa kwa Bluetooth, simu hadi simu. Baadaye alifika Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 alitukuzwa kwenye jukwaa la The Game Awards. Mpango wake ulikuwa kwamba ukinunua chakula ndani ya gemu, mkimbizi halisi apate msaada.

Watu walipiga makofi kwa ajili ya maisha yake, na yanastahili. Mimi nataka apigiwe makofi kwa ubunifu pia. Gemu za kukimbia bila mwisho ni nyingi, unakimbia kukusanya sarafu, hujui kwa nini. Yeye aliupa mkimbio sababu, na kila mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda kwenye kambi za wakimbizi, anaijua sababu hiyo bila kusomewa maelezo. Halafu ile Bluetooth. Gemu iliyopita mkono kwa mkono kambini ilikuwa tayari na benchi lake kabla mgeni yeyote hajaisikia. Tatizo ni kwamba kila ninayemtajia hapa Kampala anakijua kisa cha mama na kompyuta, na bado sijakutana na hata mmoja aliyeicheza.

Nilivyotoka Kisenyi siku ile nilitafuta Urban Reign mwenyewe. Siku hizi kuna programu inayoigiza PS2 ndani ya simu, na simu yangu ya bei ya kawaida inaiendesha kwa kuchechemea. Nilicheza siku mbili peke yangu chumbani. Wale wahakiki walikuwa sahihi: misheni zinafanana, nilichoka kwenye misheni ya ishirini.

Halafu nikaenda kutembelea nyumbani Busia, na Jumamosi nikapanda taksi kurudi Kampala. Baada ya Lugazi foleni ikasimama, nikatoa simu. Kando yangu kulikuwa na mtoto wa shule na sanduku lake miguuni, kimya tangu Iganga. Nilipigwa mara ya tatu na jitu lile lile ndipo akashindwa kujizuia.

"Anko, mbona unampiga kichwa tu? Jaribu miguu."

Nikamwambia zamu ni shilingi 200. Akacheka, akadhani natania, akanyoosha mkono. Tulipofika Mukono alikuwa bado ana simu yangu, dereva anageuka kutazama kwenye kioo, na aliyekuwa akipiga kelele ni mimi.