Mkunjo wa DNA unahitaji potasiamu ndani ya jeli

Maabara ya Mwanza inayotaka kuchunguza G-kwadrupleksi, yaani DNA inayojikunja kwa kupanga guanini (herufi G ya DNA) nne nne kama sahani zilizobebana, isisubiri mashine ya mamilioni. Ianze na jeli ya poliakrilamidi, utando wenye vitundu ambamo umeme husukuma DNA, ila isiwe na urea, kemikali inayokunjua DNA. Uzi uliojikunja wenyewe hushikamana, hivyo hupenya upesi kuliko uzi ulionyooka wa urefu uleule. Nyuzi nne zilizoungana, kama za TGGGGT, hubaki nyuma.

Kosa linaloniudhi ni kuweka potasiamu kwenye sampuli na kuisahau kwenye jeli. Ioni hiyo ndiyo hukaa kati ya sahani na kuzishikilia. Umeme ukiwaka, DNA huenda kwenye chanya, potasiamu kwenye hasi. Mkunjo hulegea njiani, nawe unapata ukungu mrefu badala ya mstari. Kwa jeli ya mililita 10 ya asilimia 15: akrilamidi ya asilimia 40 mililita 3.75, TBE (bafa, yaani myeyusho unaotuliza pH) iliyokolezwa mara 10 mililita 1, KCl (chumvi ya potasiamu) ya mola 1 maikrolita 100, maji mililita 5, APS ya asilimia 10 maikrolita 100, na TEMED maikrolita 10 mwishoni (hizi mbili ndizo hugandisha jeli). Bafa ya tangi nayo iwe na KCl milimola 10. Vaa glavu, akrilamidi kabla haijaganda ni sumu ya neva.

Chumvi huongeza mkondo, mkondo huleta joto, na joto letu halisaidii. Kwa jeli ndogo volti 70 zinatosha. Zungushia tangi barafu, hata ile ya kuhifadhia sangara kule Kirumba, mradi isiingie kwenye bafa. Mistari ikipinda kama tabasamu, jeli imepata moto.

Sampuli ya maikromola 5 ipashe nyuzijoto 95 za Selsiasi kwa dakika 5 katika KCl milimola 100, kisha iache ipoe taratibu usiku kucha. Umeme ukikatika hapo, hakuna hasara. Ukikatika kwa muda mrefu jeli ikiwa katikati, mistari husambaa, rudia.

Pembeni mwa AGGGTTAGGGTTAGGGTTAGGG weka uzi wa T 22, wenye urefu uleule lakini usio na G, uwe wa kulinganishia, halafu endesha jeli ya pili yenye LiCl (chumvi ya lithiamu) badala ya KCl. Hili la pili wengi hulikwepa, na hapo ndipo hoja yao huanguka: lithiamu haishikilii sahani za guanini. Mstari unaowahi sawasawa kwenye jeli zote mbili huenda ni uzi uliojipinda kama kibanio cha nywele tu.