Dabu ya Chennai, na mwimbaji aliyefutwa

Wiki iliyopita nilitumiwa dabu moja, yaani muziki wa mtindo wa Jamaika unaopunguza uimbaji ukabakiza besi, ngoma na mwangwi. Dakika nane nzima, aliyeitengeneza akijinadi kwamba hiyo ndiyo sauti ya mitaa ya Chennai, jiji la kusini mwa India. Besi nzito, mwangwi kila kona, honi ya bajaji mara mbili tatu, halafu ngoma ya parai: kipande cha sekunde tatu kinazungushwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeisikiliza mara nne. Inanoga, sikatai. Lakini kila ikiisha nabaki najiuliza, mwimbaji kaenda wapi?

Najua nitaambiwa dabu ndivyo ilivyo. Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi alikata santuri ya wimbo uliokuwa ukivuma akasahau kuweka sauti za waimbaji. Mwenye mitambo ya muziki mmoja wa mji wa Spanish Town akaipiga hivyohivyo dansini, na watu wakaimba wenyewe. Baadaye King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme jijini Kingston, akaigeuza kuwa sanaa: anashusha uimbaji, anaacha ngoma na besi, neno moja linachomoza, linajirudia, linazama. Safi kabisa. Ila watu wa Spanish Town waliimba kwa sababu wimbo walikuwa nao kichwani. Sauti iliondoka kwenye santuri, haikuondoka ukumbini.

Sasa njoo kwenye gaana. Hizi ni nyimbo za Chennai ya kaskazini, mitaa ya vibarua kama Vyasarpadi, na wengi wanaoziimba ni Wadalit, watu wa matabaka yaliyotengwa chini kabisa India. Huimbwa msibani, kwa Kitamil cha mtaani kilichochanganyika na Kitelugu, Kiurdu na Kiingereza. Parai nayo ni duara la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Hupigwa kwa vijiti viwili, kimoja kirefu chembamba, kingine kifupi kinene, na kabla ya kupigwa huoteshwa moto mpaka ngozi ikaze, kama wafanyavyo wapiga ngoma wetu. Jamii ya Paraiyar, mojawapo ya jamii za Wadalit, jina lake linahusishwa na ngoma hiyo, na Waingereza wakalibeba jina wakaligeuza tusi la kumwita yeyote aliyetengwa. Kwa vizazi parai ilionekana ngoma ya maiti, najisi, isiyo na nafasi kwenye kumbi za Mylapore, mtaa wa Chennai ambako muziki wa Karnatik, ule wa kiklasiki wa kusini mwa India, hujaza viti kila Desemba.

Yaani sauti ya watu hawa ilishafutwa zamani, kabla prodyuza yeyote hajagusa mashine. Ukiifuta tena ukabakiza ngoma tu, msikilizaji wa Berlin atajazia nini pale palipo wazi? Yeye gaana hana kichwani.

Ndiyo maana nawapenda The Casteless Collective, kundi lililoanzishwa na mwongozaji filamu Pa. Ranjith pamoja na mwanamuziki Tenma, likapanda jukwaani mara ya kwanza Januari 2018. Gaana, parai, gitaa la roki, rap, na maneno yako mbele kabisa. Suala la tabaka linatajwa waziwazi. Hata mwanamuziki M.I.A., Mtamil wa London mwenye asili ya Sri Lanka, aliporekodi Chennai sehemu ya albamu yake ya 2007, aliitumia ngoma ya urumi bila kuibembeleza. Urumi ina nyuso mbili, na mmoja husuguliwa kwa kijiti kilichopinda hadi ngozi igune, mguno unapanda na kushuka kama mtu anayelalamika usingizini. Sijui kwa nini watengeneza dabu hawaigombanii. Mguno ule ni besi tayari.

Ningekuwa mimi nimekaa mbele ya mashine, cha kwanza kushusha ingekuwa ile besi ya kompyuta. Honi ya bajaji ningeitupa kabisa. Ningemwacha mzee wa gaana aite jina la marehemu, peke yake, mwangwi ulichukue jina hilo ulizungushe mpaka linakaribia kupotea, ndipo parai iingie, ngozi ingali na joto la moto.