Valvu za Pembeni au za Juu: Ford Alikosea Wapi?

Ni rahisi kwa fundi wa leo kuicheka injini ya Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908 ikiwa na silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu ya farasi 20 tu. Valvu zake, yaani milango midogo ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli na kutolea moshi, zilipangwa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku (mwili wa injini), ilhali kampuni ya Buick walikuwa wakiuza tangu mwaka 1904 magari yenye valvu zilizokaa juu ya pistoni. Wanaouona mpango wa Ford kuwa duni wana hoja nzito: chumba cha kuchomea mafuta hutanuka kuelekea ubavuni, moto husafiri mbali kabla ya kuumaliza mchanganyiko, na hewa hupinda kona kali inapoingia na kutoka. Mgandamizo, yaani kiasi mchanganyiko unavyobanwa kabla ya kuwashwa, ukiongezwa, injini hugonga: sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe.

Hoja hiyo, hata hivyo, inaisahau petroli ya wakati ule, ambayo ilikuwa hafifu kiasi kwamba hata mwenye valvu za juu hakuweza kupandisha mgandamizo sana. Inamsahau pia mkulima wa Marekani aliyeishi mbali na gereji. Kwenye Model T alifungua boliti 15, akainua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na valvu zote nane zikawa mbele yake, tayari kukwanguliwa masizi na kusagwa. Katika injini za mwanzo za valvu za juu, fimbo na roka (vyuma vya kusukuma valvu) zilikaa nje, zikila vumbi na kudai oili ya mkono. Na kwa chuma cha valvu cha enzi hizo, iliyokatika iliangukia pistoni.

Kwa maoni yangu, Ford hakukosea mwaka 1908, alikosea kung'ang'ania. Mwingereza Harry Ricardo alibuni silinda hedi iliyovuruga mchanganyiko ili uungue haraka, akaurefushia mpango wa pembeni maisha (pengine kupita kiasi). Lakini petroli yenye risasi (madini yaliyozuia kugonga) ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1923, sababu kuu ya kuridhika na mgandamizo mdogo ilianza kutoweka. Bado V8 (injini ya silinda nane) ya Ford ya mwaka 1932, ambayo wapenda mbio wanaienzi hadi leo, ilitoka na valvu za pembeni na ikadumu hivyo Marekani hadi 1953. Njia zake za moshi zilipita ndani ya bloku, joto likaishia kwenye maji ya rejeta. Ikafungwa pampu mbili za maji, na bado ikasifika kwa kuchemsha.