Kirusi cha malengelenge kinavyoingia kwenye seli

Ndugu mwandishi, umesema kirusi cha malengelenge ya mdomoni "hujipenyeza" kwenye seli, ukaishia hapo. Mbona umeruka penye utamu! Protini ya kwenye uso wake, iitwayo gD, hushika kipokezi cha seli, yaani protini ya juu ya seli inayonaswa kama kishikio, mfano ile iitwayo nektini-1. Protini nyingine za kirusi, gH na gL, hupokea ishara ya gD, kisha protini gB hujikunjua, hujichomeka kwenye utando wa seli na kuuvuta hadi uungane na wa kirusi. Hata seli iliyoambukizwa huweza kuungana na jirani yake, kirusi kikapita ndani kwa ndani bila kukutana na kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na vijidudu.

Hapa Ujiji vidonda hivyo huambiwa ni homa inatoka. Homa hukiamsha tu kirusi. Kilikuwa kimelala kwenye neva. Mwenye kidonda asibusu kichanga, tafadhali sana.